Bwana Harusi Mwenye Pembe Moja

Mjukuu wangu Salim,

Huku Garsen hatujambo, na mama yako ameshavuna mpunga. Umeniuliza kuna ubaya gani redio mbili zikitumia masafa mamoja.

Shangazi yako Halima alipoolewa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, tulikuwa na redio mbili hapa, zote hazina leseni. Moja ilitangaza harusi, nyingine ng'ombe aliyepotea. Sauti zikaingiliana, tukasikia: "Bwana harusi anatoka Kulesa, ana pembe moja, ukimwona mfunge kamba."

Wafugaji wakamzuia sokoni, kamba mkononi, wakicheka. Halima akaenda mwenyewe.

"Huyo ni wangu," akawaambia. "Mwachieni."

Watangazaji wote wawili walikuja harusini kuomba radhi. Wakaanza kusema kwa pamoja, na hatukuambulia hata neno.

Nyanya yako anayekukumbuka