Siku Karanja Alipoingia Hospitali kwa Miguu Yake

Bahati, Nakuru
8 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Muiruri,

Natumaini uko mzima huko Kanada, wewe na Sue na mtoto. Mgongo wako ulipona? Sisi tuko salama, na mvua imenyesha vizuri. Barua hii nimempa Cate wa mtaa wa Section 58 anayesafiri huko wiki hii, kwa sababu simu zetu hushiki tangu Machi. Sikulaumu. Najua kaka yetu Karanja alikuambia nini siku ile.

Lakini hukujua kwamba alikuwa mgonjwa. Hata sisi tulichelewa kujua. Alikuwa halali usiku. Akaanza kung'oa viazi kabla havijakomaa, akisema kuna watu wanachimba chini ya nyumba na lazima awafikie kwanza. Akamfukuza Mama jikoni, ati anamtilia sumu. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni bangi.

Kuna jambo sijamwambia mtu hapa nyumbani isipokuwa Karanja mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwita mjomba Thuo aje na kamba. Nilikuwa nimechoka, Muiruri. Nilitaka afungwe, apakiwe kwenye pikapu, apelekwe.

Mjomba alikuwa ameishika kamba tayari wakati Chesang alipofika. Huyu ni afisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia wagonjwa wa akili. Muuguzi wa zahanati yetu ndiye aliyempigia simu. Chesang alimwomba mjomba aipeleke kamba nyuma ya nyumba, kisha akaingia shambani, akaketi kwenye udongo karibu na Karanja.

"Ulilala lini mara ya mwisho?" akamuuliza.

"Nikilala watafika."

"Mimi siwasikii. Lakini naona wamekuchosha sana. Ungependa kupumzika?"

Karanja alimwangalia mjomba. "Mtanifunga?"

"Hapana. Utaingia hospitali kwa miguu yako, na dada yako atakuwa nawe."

Basi akaenda kunawa, akavaa koti lake la kanisani, tukaondoka. Tulipofika mapokezi alinishika mkono kama mtoto, yeye mwenye miaka arobaini na sita. Nilienda kulia chooni ili asinione.

Alilazwa wiki nne. Wiki ya kwanza hakutaka kuniona. Ya pili aliniuliza kama tumepanda viazi vingine. Kabla hajatoka, Chesang alikuja nyumbani mara mbili kutueleza habari ya dawa na usingizi, na kwamba tusimchoshe kwa maswali. Mama alimuuliza kama kosa ni lake, kwa vile alitulea peke yake baada ya Baba kuugua na kufariki. Chesang alimwambia ugonjwa huu haukuletwa na malezi yake. Mama alimwomba arudie tena.

Sasa Karanja yuko nyumbani. Amenenepa, mikono inatetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, na kila mwezi nampeleka kliniki. Hajapona kabisa, kuna siku hukaa kitandani hadi saa sita mchana. Nilipomwambia habari ya kamba, alisema aliiona siku ile na alijua ni mimi niliyeitisha. Kisha akaendelea kuambua maganda ya minji.

Jumapili iliyopita aliniuliza mbona hupigi simu. Hakumbuki aliyokuambia, ikabidi nimweleze: kwamba alisema wewe ndiwe uliyemuua Baba. Aliiacha chai yake ikapoa. Halafu akasema, "Mwambie anipigie, hata kama ni kunigombeza. Nitasikiliza mpaka amalize."

Tangu siku hiyo anatembea na simu mfukoni, hata akienda kulima.

Msalimie Sue, na Kui mdogo umkumbatie kwa niaba yangu. Mama, mjomba Thuo na shangazi wa Free Area wanawasalimu nyote. Mungu akae nanyi katika nyumba yenu na kazi zenu.

Ni mimi dada yako, ambaye hajaacha kukupenda,

Wariara