Mjukuu Wangu Analitaka Kovu Langu

Mpendwa Bi Rafida, naomba unisaidie mimi Abu Subhi, mfuga njiwa, mwanamume pekee hapa Aleppo aliyekatwa kisu usoni na majambazi watatu kisha akawafukuza mpaka lango la mji huku damu inamchuruzika, na kovu ninalo shavuni, njoo ulione. Haya, si kweli. Hakukuwa na jambazi wala kisu, ni kile kidonda cha mwaka tunachokijua sote, usubi aliniuma nikiwa mtoto, kidonda kikakaa mwaka mzima kikaondoka na nyama yake, na usinishangae, hapa kwetu wafuga njiwa tunasifika kwa uongo, hata mahakamani ushahidi wetu hawautaki.

Sasa shida ni mjukuu wangu Lamis. Kaota kipele shavuni, upande uleule wa kwangu, kilianza kama kaumwa na mbu, hakimuumi, na sasa kimefumuka kidonda chenye gamba. Mama yake anataka ampeleke kliniki akachomwe sindano, mtoto kagoma, kajifungia bandani kwa njiwa wangu, anapiga kelele humo ndani, "Sindano ya nini? Nataka kovu kama la Babu! Shuleni nitawaambia nilipigana!" Nikamwambia we mtoto, wasichana hawapigani na majambazi. Akanijibu, "Hao watatu walikuwa na visu vingapi, Babu? Juzi ulisema kimoja, leo viwili." Nikawatupia njiwa mtama.

Mke wangu Umm Subhi anakoroga kahawa ananitazama tu. Jana kanitolea uvivu: "Mwambie, mzee. Mwambie aliyekukata uso ni mdudu asiyefika punje ya ufuta." Nikasema mbona kinapona chenyewe, mimi si nilipona? Akasema, "Ulipona? Mimi ulinioa umeme umekatika!"

Na joto hili tunalala wote uani, kando ya kifusi cha ukuta ulioanguka, majirani wamepageuza jaa, na mdogo wake Lamis, bado ananyonya, analala ubavuni kwake. Je, hakuna njia ya kumpeleka kliniki bila kunivua nguo? Maana nyumba nzima hii, ni yeye tu aliyebaki ananiamini. Halafu, Bi Rafida, kaka yako Mumtaz aliazima ngazi yangu wakati wa kuchuma zeituni mpaka leo kimya. Naiomba, banda la njiwa linavuja.

*

Abu Subhi, nimecheka mpaka nilipofika kwa huyo anayenyonya. Hapo kicheko kikanikauka.

Kweli, kidonda hupona chenyewe. Kwa mwaka, na kinaacha shimo. Wewe ulikigeuza hadithi ya kahawani kwa sababu ni mwanamume. Lamis akikua watamtazama shavu kabla hawajamuuliza jina. Si haki, lakini watu wa mtaa wetu unawajua.

Na hakiishii kwake. Usubi akinyonya penye kidonda cha Lamis, siku chache baadaye anaweza kukipanda kwa mdogo wake. Kwa hiyo kidonda kifunikwe, na watoto walale ndani ya chandarua chenye matundu madogo sana, kilichotiwa dawa. Kile cha mbu cha kawaida usubi anapenya bila hodi. Kuanzia jua kuzama, mikono mirefu. Uwaondoe kando ya kile kifusi leo hii. Kisha waite hao majirani, mkizoe pamoja na taka zake, na kinyesi cha njiwa wako usikisahau, maana usubi huzaliana kwenye uchafu kama huo na mchana hujificha kwenye nyufa za kuta. Sindano inauma, sikudanganyi, na si moja. Nenda naye kila daktari atakapowaita, umshike mkono.

Lakini kwanza kaa naye humo bandani umwambie. Mimi nisikusaidie kudanganya, mzee mzima! Atakucheka. Mvumilie. Mtoto aliyekwisha kukuhesabia visu hadithi yako anaijua ilivyo. Amejifungia na njiwa wako kwa sababu anataka kufanana na wewe. Basi mwonyeshe lile shimo kwa karibu, mwache aliguse, umwambie kama utotoni ungeipata sindano, ungechomwa.

Ngazi yako ipo. Mumtaz ataileta Alhamisi, na utazibia nyufa za kuta kabla ya kugusa banda. Ila nimemwagiza amtazame Lamis shavuni kwanza. Asipoona bandeji ya kliniki, anageuka nayo.