Goti Jipya la Mwaitu

Migwani, Jumatano

Nimemfokea Mwaitu, mama yangu mgonjwa. Hata chai yake sijui kama alimaliza.

Ni huu mkanda wa gotini tu. Hospitali walimfunga baada ya kumwekea goti la chuma, na kila akilikunja, unapeleka habari kwa simu ya fizio, mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo. Leo amenipigia: "Mama anapiga magoti kila alfajiri, na tulimkataza. Goti bado halijashika."

Na mimi nikijisifu kwamba namtunza!

Nilimpata Mwaitu uani akichagua ndengu. Nikamuuliza kwa ukali kama anataka kupasuliwa tena. Hakuinua macho.

"Miaka hii yote goti likiniuma, nimemwombea Mutua nikiwa nimeketi kwa kiti, kama mgeni," akasema. "Na hajapiga simu."

Mutua, ndugu yangu, alienda kazi Uarabuni. Tangu anyamaze, hatumtaji tukila.

"Mwaitu, Mungu anasikia hata mtu akiwa ameketi."

"Kwani wewe ulidhani nilikubali kukatwa ndio niende soko?"

Ndivyo nilivyodhani. Nilimbembeleza na hilo soko mpaka akakubali.

Naogopa goti likiharibika. Naogopa zaidi apige magoti hivyo kila siku, na bado simu ya Mutua...

Fizio anangoja jibu. Nimekunja blanketi langu zito, nikaliweka sakafuni kando ya kitanda chake, pale anapopigia magoti. Mkanda sijaufungua. Alfajiri na useme utakachoona.