Swali Alilojibu Jogoo

Mume wangu Masanja,

Mwangaluka, habari za asubuhi huko Dodoma. Sisi hapa Lalago wazima. Pamba imeota vizuri, na babu yako bado anagombana na redio. Unauliza kama ile orodha ya nchi zenye rushwa, wanayoitunga kwa kuuliza watu, inasema kweli. Mjukuu wangu, orodha siijui. Namjua jogoo wetu.

Nilipokuwa msichana, afisa mmoja alikuja kijijini kuuliza kama karani wa mizani ya pamba anakula rushwa. Akasema aliyewahi kumpa kitu anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu. Kuku tuliompelekea karani kila msimu tulimwita kuku wa mgeni, na kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Hata huyo afisa tulishamfungia jogoo, nikamweka mimi mwenyewe chini ya kiti cha gari lake.

Afisa akafunga daftari, akatangaza, "Kijiji hiki ni safi!"

Jogoo akawika garini.

Tukainama wote. Mama yangu alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Afisa akapanda gari, akaondoka na jogoo wake.

Tuliulizwa kijiji kizima, mume wangu, akajibu jogoo peke yake.

Mkeo mkubwa,
Bibi Kabula