Kopo Ulilonipa Nikiwa Kidato cha Tatu

Mpendwa Shangazi,

Jumamosi iliyopita nilikuwa Moiben nikimpamba bibi harusi, nikakukumbuka ghafla. Nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu jambo hili halikuwa letu peke yetu.

Ulinichukua baba alipofariki, ukanilea kwenye chumba chako cha Langas ulikokuwa ukishona sare za shule. Likizo moja, nikiwa kidato cha tatu, ulifunga mlango ukaniwekea kopo dogo mkononi.

"Paka asubuhi na jioni. Usiambie mtu."

"Ni ya nini, Shangazi?"

"Ya kukufungulia milango."

Kisha ukanisimulia. Ukiwa msichana uliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini. Vyeti ulikuwa navyo, Kiingereza chako kilinyooka. Meneja alikutazama akasema jikoni kuna nafasi. Pale mbele akamweka msichana mliyesoma naye darasa moja, aliyekuwa akinakili majibu yako, ila yeye alikuwa mweupe. Jioni hiyo ulinunua kopo lako la kwanza la krimu ya kujichubua. Sikulaumu. Ulinipa kile ulichoamini kingenilinda.

Nilipaka wiki tatu. Jua la huku nyanda za juu halina mchezo. Mashavu yaliwasha, yakachubuka. Nikalitupa lile kopo chooni, nikakuambia limeisha. Ukaninunulia lingine!

Miaka ikapita, ukafanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Siku ya nne nyuzi zikaachia. Nesi aliinama akauliza polepole, "Mama, ngozi yako imekuwa nyembamba sana. Umekuwa ukijipaka nini?" Ulinitazama mimi kabla ya kumjibu. Nilikusafisha kidonda kile wiki nyingi, na siku moja, bila kuulizwa, ukasema, "Hiyo kopo yangu iko chini ya kitanda. Itupe."

"Yangu nilitupa nikiwa shule, Shangazi. Zote mbili."

Ulicheka huku umeshika tumbo. "Wewe mtoto ni mjanja!"

Ulipona. Rangi yako ikaanza kurudi, kwanza shingoni, halafu kwenye paji la uso. Nilipokuambia umependeza ulinifukuza jikoni, lakini nilikuona ukijitazama kwenye kioo cha dirisha, ukigeuza uso huku na huku. Baadaye ulikufa ukiwa na uso wako mwenyewe. Hilo hunifariji kuliko maneno yote ya mazishi.

Sasa kazi yangu ni nyuso za watu. Na kule Moiben, mama wa bwana harusi alisimama nyuma yangu.

"Mfanye awe mweupe kidogo. Picha ni za maisha."

Binti yake, anayefanya kazi Ujerumani, akaguna. "Mum, kule wazungu wanalala kwa jua wakitafuta rangi kama ya huyu. Wanaungua hadi wanachubuka."

"Hao wana shida zao."

"Na wale tunafanya kazi nao kutoka Asia wananunua krimu kama za hapa. Kila mtu anataka ya mwenzake!"

Niliweka brashi chini. Nilijua neno la mama kama yule linaweza kuninyima harusi zote za upande ule. "Mama," nikasema, "nitampaka rangi yake. Usipoipenda, nitamnawisha nianze upya."

Bibi harusi hakufungua macho. "Nifanye niwe mimi," akasema.

Nikachukua poda inayolingana na shingo yake, nikampaka rangi ya shaba juu ya macho na nyekundu iliyokolea midomoni. Nilipomaliza, yule mama alikizunguka kiti mara mbili. Kisha akamwinua msichana kwa mkono, akaketi yeye, akafungua kitambaa kichwani. Mashavu yake yalikuwa na wekundu ninaoujua, na vifundo vya vidole vilikuwa vimebaki vyeusi.

"Mimi pia," akasema kwa sauti ya chini. "Unaweza kupata rangi yangu?"

Nilimwomba asogee karibu na dirisha. Nikatazama nyuma ya sikio lake, ambako krimu haikuwahi kufika, nikamwambia, "Iko hapa, Mama. Haijaenda popote."

Ninaipata kila mara, Shangazi. Pumzika bila wasiwasi juu yangu. Milango ninaifungua nikiwa hivi nilivyo.

Mtoto wa kaka yako,
Eldoret