Tao la Mji wa Mlimani

3 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nguvu kama punda. Wewe na mkongojo wako mnaendeleaje?

Nimerudi juzi. Wanangu walinikatia tiketi ya basi la watalii, siku sita, kwenda ile nchi ya jirani tuliyofanyia kazi ujanani. Ni ndogo vilevile, ukipiga chafya huku unaombewa afya mpakani, lakini milima yake bado imebeba mawingu mabegani. Tumeona miji minne ya kale. Mama mwongozaji akasema ukuta wa ngome ulijengwa mwaka mmoja. Nikamwambia, mama, huo miaka mitatu, na kona ile fundi wake alitumia mkono wa kushoto. Basi zima likaanza kunifuata mimi. Fundi ni fundi.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu uliobaki haujambo, mwenzake tuliuacha hukohuko. Majigambo yako yamenichekesha. Ila waliopanda basi hilo wanasema linapita miji mitano. Wa tano ni ule wa mlimani, tulikojenga tao la lango. Au ulisinzia?

Kaka yako

24 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sikusinzia. Nilisema goti linauma, nikabaki ndani ya basi, nikavuta pazia. Barua yako ikaninyima raha, nikarudi huko peke yangu.

Tao wamelijenga wengine upya, kazi si mbaya. Lakini nguzo chini ni zetu. Nimekwangua chokaa uliyochanganya wewe kwa msumari, msumari ukapinda.

Miaka thelathini nimewaambia watu tao lilianguka kwa chokaa yako mbovu. Wewe ulisema miti ya kuegemeza ikae siku ishirini na nane. Mimi niliitoa siku ya kumi, umelala, ili ijulikane kazi yangu haihitaji kungoja. Ukapita chini na ndoo.

Haya nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Nitakuja Jumamosi, tarehe saba. Ukifunga mlango nitaelewa.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Miti niliiona asubuhi ile, umeipanga vizuri ukutani. Nilisimama na ndoo yangu nikawaza: kama yeye ameitoa, basi tao limeshika. Nikapita.

Tangu hapo hakuna fundi aliyenipa tena chokaa nichanganye. Nilikuwa nangoja useme wewe, mbele yangu.

Kusamehe bado sijui. Jumamosi njoo, useme kwa mdomo.

Kaka yako