Bakuli la Vifaranga

Mjukuu wangu Ayuma,

Hapa Lurambi tuko salama. Magoti ya nyanya yako yamepunguza kuuma, na mahindi yamekauka vizuri. Natumai huko baridi imepungua.

Unauliza mbona jalada ulilolitoa kwenye sanduku la marehemu babu yako, kaka yangu, halina santuri ndani. Unasema huko uliko muziki huo wa roki, wenye magitaa yaliyogeuzwa kinyumenyume makusudi, unasifiwa mpaka leo.

Ni mimi. Kaka alienda kukata miwa Musanda, akaniachia santuri niitunze. Nikaipiga. Magitaa yalilia kinyumenyume, na sauti zilizunguka kama za mtu mwenye homa. Nikajua imeharibika. Nikaitia kwenye maji moto ikalegea, nikaikunja ikawa bakuli la kunyweshea vifaranga, kama wengi walivyofanyanga na santuri mbovu.

Aliporudi aliliona, akachuchumaa, akauliza tu, "Wanakunywa vizuri?" Hakuitaja tena.

Siku ya mazishi yake, niliposimama kuongea, niliwachekesha watu kwa kusema kwamba kaka yangu alitunza jalada tupu la santuri miaka yote. Walicheka sana. Hata wewe ulicheka, nilikuona.

Bakuli ninalo bado. Leo nimeliosha kwa sabuni, na maandishi ya katikati yanasomeka. Ukija Desemba, njoo na lile jalada. Najua bakuli halitaingia humo. Lakini nataka ujaribu kuliingiza nikitazama.

Babu yako mdogo